Wali Mmoja, Sufuria Nane

Siku ambayo sufuria ya Bi Mize ilitoa taarifa kwamba nyumba yake imekula wali wa nazi, kunde na samaki, mkwewe Salha alianguka bombani akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia, alhamdulillahi. Mama yake alipelekwa zahanati, akatundikiwa dripu, na muuguzi aliyempima akaandika neno moja tu kwenye fomu: njaa.

Taarifa zote mbili zilimfikia Mhandisi Bahiya Shekifu asubuhi ya pili, mezani kwake Kileleni, katika jengo ambalo hewa yake ilipoozwa mpaka watu wakavaa sweta mwezi wa Februari. Akaisoma ya kwanza, akaisoma ya pili, akaguna. Kati ya sufuria na muuguzi, Bahiya aliiamini sufuria. Aliitengeneza mwenyewe.

Tusimwonee. Sufuria ile ilikuwa jasho lake la miaka sita, na aliianza kwa moyo safi. Zamani, bahari ilipopanda na watu wa pwani wakahamishiwa Kichangani, mgao wa chakula ulitolewa kwa foleni na maswali. Maofisa waliingia majumbani wakafungua makabati. Walimuuliza mjane mumewe alikufa lini, na mbona bado anavaa hereni. Bahiya, wakati huo mwanafunzi, aliwahi kufuatana nao siku moja, akarudi kwao akalia, akaapa kwamba atatafuta njia ya mtu kupewa bila kuomba.

Njia ikawa sufuria. Kitako chake kilikuwa na mizani ndani, na mfuniko wake ulijua kunusa. Ukiibandika jikoni, ndani ya dakika kumi ilikuwa imeshapima uzito wa kilichomo, imeujua mvuke wa mchele na wa maharage, imejua kama kuna mafuta au hakuna, na habari zote zimeshapanda Kileleni kwenye mtambo. Mtambo ulipiga hesabu ya pengo. Nyumba iliyopika kidogo iliongezewa, iliyopika kingi ilipunguziwa, na kila Jumamosi kigari kisicho na dereva kilipita mlango kwa mlango kikashusha unga, mchele na kunde kwa kipimo cha kila nyumba. Hakuna ofisa, hakuna foleni. Hata kulinganisha nyumba na nyumba Bahiya aliukataza mtambo, kwa kuwa aliona si adabu jiko la mtu kupimwa kwa jiko la jirani yake.

Na ili wajanja wasiuchezee mtambo, akaandika Kanuni ya Kumi na Nne: nyumba itakayoidanganya sufuria itafutwa kwenye mgao kwa miaka miwili.

"Umeona Kichangani?" Mkurugenzi Lukindo alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Ndiye aliyemfundisha kazi, na alimpenda kama mwanawe. "Ule mstari wa nyumba nane, wa yule balozi mwanamke. Miezi mitano wanakula kama watu wa harusi. Mgao wao umeshuka mpaka kopo mbili za mchele kwa wiki, na bado sufuria zimejaa. Ijumaa tunaufunga mgao wao rasmi, Bahiya. Mtaa wa kwanza kujitegemea."

"Kuna mtu kaanguka kule kwa njaa."

"Sufuria yake inasemaje?"

"Inasema alikula samaki."

"Basi hiyo ni presha," alisema Lukindo, akanywa chai yake.

Bahiya naye aliona hivyohivyo. Lakini alikuwa mtu wa kazi, hakupenda kuacha taarifa mbili zikigombana. Akachukua mkoba wa vifaa akateremka Kichangani kwenda kuitazama sufuria ya nyumba ile, huenda kitako kimeingia maji.

*

Alifika Jumanne hiyo saa saba mchana, jua limesimama kichwani. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya uzinduzi wa sufuria. Bi Mize, balozi wa nyumba zile, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya chini, alimwona tangu kwenye kona akatoka kumpokea mkoba.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mama mhandisi. Umetukumbuka leo. Karibu, karibu ndani, jua kali."

Kiti kilitokea, Bahiya hakuona kimetoka wapi, ila kilikuwa bado kibichi kwa kufutwa. Soda ikatokea. Mkeka ukatandikwa, kisha ukaondolewa ukaletwa mwingine mpya zaidi. Bahiya aliomba aione sufuria, Bi Mize akasema ataiona, kwani ina miguu, lakini kwanza mtu ale. Bahiya akasema ameshakula. Bi Mize akamtazama kama mtu aliyesikia mzaha wa kawaida, akapakua.

Ulikuwa wali wa nazi, kunde, na vipande vinne vya ng'onda, samaki wa kukaushwa, vilivyopangwa juu. Wali ulikuwa mtamu kweli. Kule Kileleni chakula kilitoka kwenye tundu la ukuta kikiwa kimeshapimwa, na ukibakisha, sahani hupimwa tena na jina lako likaandikwa miongoni mwa waharibifu. Bahiya alilelewa hivyo. Kwake yeye, kula mpaka chembe ya mwisho ndiyo heshima. Alikula wali wote aliopakuliwa, akala vipande vyote vinne vya ng'onda, akaifuta sahani kwa vidole mpaka ikang'aa, akasema, "Bi Mize, umenikosha."

Bi Mize aliitazama sahani kitambo kidogo. "Alhamdulillahi," alisema. "Afadhali umekula."

Kisha Bi Mize akaumimina wali uliobaki kwenye beseni, na Bahiya akafungua mkoba. Aliweka mawe ya kupimia ndani ya sufuria, moja baada ya jingine, akasoma kwenye kioo chake. Sufuria haikukosea hata gramu. Alikuwa amepiga magoti hivyo, mgongo mlangoni, aliposikia sauti ya mwanamke nje.

"Bi Mize, mbona hamleti? Zamu yetu imefika, saa zinakwenda."

Bi Mize akakohoa kwa nguvu. Haikusaidia kitu. Yule jirani alikuwa ameshaingia na sufuria yake tupu mkononi, sufuria ya mgao, ya aina ileile. Akamwona Bahiya, akaona sahani iliyofutwa, akaona wali uliobaki kwenye beseni. Akasema, "Samahani, sikujua una mgeni," akarudi kinyumenyume.

"Zamu ya nini?" Bahiya aliuliza.

"Mambo yetu tu ya majirani," Bi Mize alisema. "Soda yako inapata moto."

"Kwa nini amekuja na sufuria ya mgao ikiwa tupu saa saba?"

"Watu huazimana vyombo, mwanangu."

Bahiya alikuwa mpole, lakini mtambo ulikuwa wake, na alianza kuhisi joto masikioni. "Bi Mize, mimi sikuja kumkamata mtu. Nataka kujua tu."

Hapo ndipo pazia la chumbani liliposogea. Salha alikuwa amelala kwenye mkeka, mtoto ubavuni, plasta ya dripu bado mkononi. Alizungumza bila kunyanyua kichwa.

"Mwambie, mama. Kama humwambii nitamwambia mimi. Dada, huo wali uliokula ni wa nyumba nane."

"Salha."

"Tunachanga, huyu kikombe cha mchele, huyu nazi, huyu kunde. Tunapika mara moja, kwa Bi Riziki kule mwanzo. Unakaa kwenye sufuria yake dakika kumi, unahamia kwa jirani dakika kumi, mpaka nyumba ya nane. Ukimaliza safari ndiyo tunagawana. Leo umefika hapa nyumba ya tano, ukakukuta wewe."

Bahiya alielewa maneno yote na hakuelewa kitu. "Lakini kwa nini? Sufuria ikiwa tupu mnaongezewa. Nilieleza siku ile. Mngeiacha tupu tu."

Bi Mize alikuwa akikunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. Mwishowe Salha akasema, taratibu, bila ukali, kama anayemweleza mtoto jambo ambalo kila mtu anajua:

"Ulisema utakuwa mgeni wetu kila siku."

Bahiya akakumbuka. Siku ya uzinduzi walimchinjia kuku hapohapo kwa Bi Mize, na baada ya kula, sahani yake ikiwa nyeupe kabisa, alisimama kuhutubia. Sentensi ile aliitunga kwenye gari akiteremka, akaipenda. Alisema: msione hizi ni sufuria, hizi ni macho yangu, kuanzia leo mimi Bahiya nitakuwa mgeni wenu kila siku, kila mchana nitaingia jikoni kwenu nione mmepika nini. Watu walipiga makofi. Alirudi Kileleni akawaambia wenzake kwamba hotuba iliwagusa.

Iliwagusa sana. Watu hawa waliishi kwa jambo moja, kwamba mgeni haonyeshwi sufuria tupu. Bahari iliwanyang'anya minazi, mashua, mpaka makaburi ya wazee wao. Hilo moja hawakukubali liende. Sasa akaja mgeni mkubwa kuliko wote, akasema atafunua mfuniko kila siku ya Mungu. Walikwenda ndani wakatazamana. Kisha wakaanza kuchanga.

"Mama kila siku akiibandika huisalimia," Salha alisema. "Karibu mama mhandisi, anasema. Sisi tulikuwa tunamcheka."

"Mlijua kwamba mgao unapungua kwa sababu hiyo?"

"Tulijua wiki ya tatu," alisema Bi Mize. Alizungumza akitazama mkeka. "Ningefanyaje? Wiki mbili nimekuonyesha wali, wiki ya tatu nikuonyeshe chuma? Ungesema hawa wamepatwa na nini. Tukasema tutapunguza kidogokidogo. Lakini kila anayeamka anaona haya kupunguza kuanzie kwake."

"Si mngeniambia. Namba yangu mnayo. Mngenipigia tu mkasema tuna njaa."

Bi Mize akanyanyua macho. Hayakuwa na hasira, yalikuwa yanashangaa.

"Mgeni anaambiwa hivyo, mwanangu?"

Bahiya aligeuka kutafuta pa kutazama, akaiona sahani. Salha aliiona akiitazama, akafumba macho. Kwa desturi ya nyumba ile, mgeni hula nusu, nusu huiacha sahanini kwa waliokuwa hawajala, na wote hujifanya kwamba ameshiba. Hakuna aliyemwambia. Siku ile ya kuku, waliokaa jikoni kungoja masazo walikuwa watoto sita. Leo aliyekuwa akingoja nyuma ya pazia ni mwanamke anayenyonyesha, ametoka zahanati jana.

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua maishani mwake, aibu yenye ladha, kwa kuwa ng'onda ilikuwa bado mdomoni.

*

"Nitakwenda kusema ukweli," alisema. "Ijumaa kuna kikao. Nitawaeleza yote."

"Kikao kile kinaonyeshwa mji mzima," alisema Bi Mize.

"Ndiyo, lakini—"

"Nawe una kanuni yako. Tulisomewa siku ileile. Mwenye kuidanganya sufuria anafutwa miaka miwili. Sisi tumeidanganya. Utasemaje ukweli nusu?" Hakungoja jibu. "Na hata ungeifuta hiyo kanuni, mwanangu, sikupi ruhusa. Nimeletwa hapa na nguo niliyovaa. Nimezika mume kwenye udongo wa watu. Lakini hapa Kichangani hakuna aliyewahi kusikia Mize ameomba kibaba. Ukisimama mbele ya watu wa Kileleni ukasema hawa walikuwa wakitembeza wali mmoja kama maiti, utakuwa umetuvua nguo sokoni. Afadhali hizo kopo mbili ziende."

"Salha ana mtoto."

"Najua ana mtoto. Ni mjukuu wangu."

Bahiya aliondoka akiwa amebeba mkoba mwenyewe, ingawa waligombania kumsindikiza nao. Mstari mzima wa nyumba nane walikuwa milangoni, wanampungia mikono kwa furaha, wanamwambia asipotee.

Jumatano alivunja sheria yake mwenyewe. Aliuamuru mtambo ulinganishe nyumba na nyumba, nao ukamwonyesha kwa sekunde mbili kile ambacho ulikuwa umekishika miezi mitano bila kuulizwa: mvuke mmoja, uleule, ukiingia nyumba ya kwanza saa sita na robo na kutoka ya nane karibu saa nane, uzito ukipungua gramu chache kila unapohamishwa, zile chembe zinazobaki kwenye mwiko. Siku mia moja na arobaini. Siku tatu tu safari ilikatika katikati, na alipotazama tarehe, moja ilikuwa ya msiba.

Alikwenda kwa Lukindo. Hakumwambia lolote la Bi Mize. Alimuuliza tu, kwa mfano, kama inawezekana watu wakawa na njaa na wasiseme.

Lukindo alicheka kwa upendo. "Bahiya, mimi nikikosa chai ya saa nne jengo zima linajua. Mtu mwenye njaa anapiga kelele, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Anayenyamaza ameshiba."

Kilichomuumiza ni kwamba wiki moja nyuma angesema maneno hayohayo, tena angeyaandika kwenye ripoti. Kubadili Kanuni ya Kumi na Nne kulihitaji miezi mitatu na saini tisa. Kusema sufuria ni mbovu kungezirudisha kiwandani sufuria za mitaa kumi na miwili, mitaa ambayo zinaifaa kweli, na foleni zirudi na makabati yafunguliwe. Kusema ukweli alikatazwa. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno, na Salha angeanguka tena.

Alhamisi jioni akapata njia. Aliigeuzageuza akaiona haina tundu. Isingemwumiza mtu yeyote isipokuwa yeye.

*

Ukumbi wa Kileleni ulijaa Ijumaa saa tatu asubuhi. Bi Mize alikaa mstari wa mbele kama balozi, amevaa gauni la zambarau lililomzidi mabega na viatu vilivyombana; vyote vilikuwa na wenyewe kwenye zile nyumba nane. Kamera zilimpenda. Bahiya alikaa meza kuu, mkono wa kushoto wa Lukindo, hakuweza kumtazama.

Lukindo alihutubia, akaonyesha mistari ikipanda, kisha akamwita Bi Mize kwenye kipaza sauti. Alimuuliza kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mama yetu, kabla hatujapiga kura, nataka watu wasikie kwako wewe. Kuna taarifa ya zahanati imetutia wasiwasi. Kichangani mna njaa?"

Bi Mize alirekebisha mtandio. "Tumeshiba, baba. Tunashukuru."

Ukumbi ukapiga makofi. Bi Mize akarudi kukaa, magoti pamoja, mikono mapajani. Lukindo akainua karatasi ya kura, na Bahiya akasimama.

"Mwenyekiti, hizo takwimu si za kweli," alisema. "Nilizibadili mimi."

Lukindo aligeuka taratibu.

"Nilitaka mradi uonekane umefaulu. Sufuria za Kichangani zilikuwa zinasoma sawasawa, zinasoma uhaba. Mimi nikaongeza. Watu wale hawana kosa, hawajui chochote. Naomba mgao wao urudishwe wote na mimi nichukuliwe hatua."

Sauti moja nyuma ikasema, "Amewanyima watu chakula apate sifa," nyingine ikasema wazi, "Mwizi," na neno likashika, likatembea kutoka kiti hadi kiti. Lukindo aliivua miwani yake. Bahiya alisimama wima, akayapokea yote. Na lazima tuseme, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: alijisikia vizuri. Tangu Jumanne alikuwa hajaweza kumeza chakula, na sasa kifua kilifunguka. Alihisi amesafika. Aliwaza kwamba mwishowe amewapa kitu watu wale bila wao kuomba.

Ndipo Bi Mize aliponyanyuka.

Hakwenda kwenye kipaza sauti, ila ukumbi ulikuwa umetengenezwa vizuri na sauti yake ya chini ikafika kote. "Baba mwenyekiti, huyu binti anasema uongo."

Bahiya alitikisa kichwa. "Bi Mize, tafadhali," alisema, midomo tu.

"Hakubadili chochote. Sufuria tuliidanganya sisi. Tulikuwa tunapika wali mmoja, tunaupitisha nyumba nane, ili aone tumepika. Njaa tunayo. Mkwe wangu alianguka kwa njaa, na maziwa yake yanakatika." Alisema kila sentensi peke yake, kama mtu anayevua kitu kimoja kimoja. Mtandio ulikuwa umeteleza, hakuushika. "Mimi ndiye niliyeanzisha, wenzangu walinifuata. Nilikuwa naona haya. Hata sasa naona haya, mnaniona. Lakini huyu amekula kwangu mara mbili. Mtu aliyekula kwangu haitwi mwizi nami nimekaa kitako nasikiliza."

Akaketi.

Hapakuwa na makofi. Mwanamke mmoja wa meza kuu alianza kulia, na Bahiya alimchukia kwa machozi yale, kisha akajua kwamba ni yake mwenyewe ya siku ile ya foleni. Kamera zilikuwa zimemkaribia Bi Mize mpaka kwenye mshono wa gauni la watu. Kote mjini, majikoni, milangoni, kwenye zile nyumba nane, walikuwa wanamwona. Kitu kimoja alichombembeleza Bahiya asikiguse, amekitoa mwenyewe, akakimaliza, kwa sababu Bahiya alikuja na zawadi yake bila kuuliza. Alikuwa amefuta sahani mara ya tatu.

Lukindo aliyaendesha yaliyobaki kwa sauti ya mtu mgonjwa. Nyumba saba zilionekana zilifuata tu, zikasamehewa, mgao wao ukarudishwa wote. Iliyobaki aliisoma kutoka kwenye kitabu: Kanuni ya Kumi na Nne, nyumba iliyoanzisha, miaka miwili.

"Ifuteni," Bahiya alisema. "Mwenyekiti, ifuteni hiyo kanuni."

"Uliiandika wewe," alisema Lukindo, wala hakusema kwa ubaya. "Itachukua miezi mitatu. Utaanza Jumatatu, kama bado una kazi."

Watu wakaanza kutoka, wakizungumza kwa sauti za chini, wakimpisha Bi Mize njia pana kuliko ilivyohitajika. Bahiya alishuka kutoka meza kuu akamfikia katikati ya viti. Kwa karibu Bi Mize alionekana mdogo, na viatu vilikuwa vimemchubua kisigino.

"Bi Mize, mimi—"

"Wenzetu saba wamepata," alisema Bi Mize. "Unadhani watatuacha? Tutakula."

"Mama, nisamehe. Nimekukosea mara—"

"Shh. Si hapa, mwanangu. Watu wanakutazama." Aliyasema haya huku akitabasamu, kwa ajili ya hao wanaotazama. "Usilie mbele yao. Futa uso. Nishike mkono, twende."

Bahiya akafuta uso kama alivyoambiwa. Vidole vya Bi Mize vilikuwa vikavu na vina nguvu, vikamshika juu ya kiwiko vikamwongoza polepole katikati ya watu, hatua kwa hatua, mpaka nje kwenye jua. Na kila aliyewaona wakipita alidhani ni mhandisi anayemsindikiza yule mama mzee.